Mbabula Ndani ya Nyumba

Katika Katanga baridi ina majira yake. Mvua zikikoma, mwezi wa tano unaleta upepo mkavu, na katika mwezi wa sita na wa saba usiku wa Likasi na Buluo ni wa baridi kweli, maana sisi tunakaa juu, zaidi ya mita 1,200 kupita usawa wa bahari. Kuna usiku ambao joto linashuka chini ya digrii 10. Watu wa nchi nyingine wakisikia jina la Kongo wanafikiri kwetu ni joto tu mwaka mzima. Waje walale hapa mwezi wa saba bila blanketi!

Basi jioni mama amekwisha kupika bukari na sombe nje uani. Makala yaliyobaki katika mbabula yangali mekundu, na ni hasara kuyaacha yazimike bure. Anaibeba mbabula, anaiweka katikati ya chumba. Baba anafunga mlango. Tundu la dirisha linazibwa kwa nguo ya zamani. Watoto wanajikunja karibu, chumba kinapata joto, na wote wanalala.

Katika majira hayohayo tunaona watu wakija hospitali asubuhi, watu wa nyumba moja, wakubwa kwa wadogo. Vichwa vinawauma, wanatapika, miguu haina nguvu. Wao wanasema ni malaria. Jirani aliyewasindikiza anasema ni chakula cha jana. Mwingine ananong'ona kwamba kuna mtu amewatega kwa uchawi. Muuguzi anayejua kazi yake anauliza kwanza neno moja: Je, usiku mlilala na moto ndani?

Mafundisho haya ni juu ya kuchagua jiko la nyumba na kuliweka mahali pake. Watu wakienda sokoni kununua jiko wanauliza maneno mawili: bei yake ni franga ngapi, na linakula makala kiasi gani. Ni maswali mazuri, maana makala yamekuwa ghali na miti ya miombo imekwenda mbali na barabara. Lakini liko swali la kuyatangulia hayo mawili. Hewa inayotoka katika jiko hili, itatokea wapi?

Moto unatoa nini

Moto unakula hewa kama sisi tunavyokula. Ukipata kuni kavu na hewa ya kutosha, unawaka vizuri na kutoa moshi kidogo. Ukinyimwa hewa, au ukipewa kuni mbichi, unatoa moshi mzito wenye masizi. Moshi huo ndio unaochoma macho ya mama na kuweka weusi juu ya dari. Weusi ule mnaouona darini unaingia pia katika mapafu, isipokuwa katika mapafu hamwezi kuusugua. Shirika la Afya la Ulimwengu lilihesabu kwamba katika mwaka 2020 watu karibu milioni 3.2 walikufa kwa ajili ya hewa mbaya ya majiko ndani ya nyumba zao, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. Mtoto anayebebwa mgongoni wakati mama anapika anavuta moshi uleule anaouvuta mama, na mapafu yake ni madogo. Kwa hiyo kichomi kinawapata upesi watoto wa nyumba zenye moshi.

Sasa mtu atasema: Mimi situmii kuni, ninatumia makala, nayo hayana moshi. Ni kweli kwamba moshi wake ni kidogo. Mchomaji wa makala amekwisha kuutoa ule moshi kule porini, katika tanuru lake la udongo. Lakini hapo ndipo watu wanapodanganyika. Makala yanatoa hewa nyingine, isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyochoma macho wala kukohoza mtu. Waganga wanaiita monoksidi ya kaboni. Makala yanaitoa kwa wingi kuliko kuni zinazowaka vizuri. Mtu aliyelala karibu na moshi wa kuni ataamka kwa kukohoa, atoke nje. Mtu aliyelala karibu na makala hataamshwa na kitu.

Inaua namna gani? Watu wa Likasi wanajua treni, kwa hiyo nitatumia mfano wa treni. Damu yetu ina vitu vidogo vyekundu vinavyofanya kazi kama mabehewa. Vinafika katika mapafu, vinapakia oksijeni, vinaipeleka kwa ubongo, kwa moyo, kwa miguu, kisha vinarudi vitupu kupakia tena. Monoksidi ya kaboni ikiingia katika mapafu inapanda katika mabehewa hayo, nayo inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Haishuki upesi. Treni inaendelea kwenda na kurudi, mabehewa yote yamejaa, lakini mzigo uliomo haumsaidii mtu. Anapumua vizuri, kifua chake kinapanda na kushuka, na huku ubongo wake unakosa oksijeni.

Mama mwenye mimba yuko katika hatari kubwa kuliko wengine wote, kwa sababu hewa hii inavuka mpaka kwa mtoto tumboni, na damu ya mtoto inaishika muda mrefu kuliko damu ya mama. Mama anaweza kuamka na maumivu ya kichwa tu, akanywa chai, akaendelea na kazi zake, na mtoto tumboni ameumia.

Namna ya kuitambua

Dalili za kwanza zinafanana sana na mwanzo wa malaria: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu. Ndiyo sababu wengi wanameza dawa ya malaria, jioni wanarudi palepale na mbabula ileile. Angalieni tofauti. Malaria inaleta homa. Sumu hii kwa kawaida haileti homa. Malaria haiwashiki watu wote wa chumba kimoja katika usiku mmoja. Tena mtu wa malaria akitoka nje haponi kwa kutoka. Lakini mtu wa sumu ya makala akikaa nje saa chache kichwa kinapungua, na akirudi kulala ndani kinamrudia. Hata kuku au paka waliolala katika chumba kile wataonekana wamelegea. Ikiwa mambo hayo yako pamoja, mwambieni muuguzi habari ya mbabula ninyi wenyewe, msingoje aulize. Lakini kipimo cha malaria kifanywe vilevile, maana mtu anaweza kuwa na yote mawili.

Ikizidi, mtu anachanganyikiwa kama mlevi. Anajua kwamba ni lazima atoke, lakini miguu haimtii. Wako waliokutwa karibu kabisa na mlango.

Watu wana njia zao za kujikinga, na lazima nizitaje kwa sababu zinafundishwa kwa moyo mwema na zinaua. Wengine wanaweka sufuria ya maji kando ya mbabula, wakisema maji yatanyonya sumu. Maji hayainyonyi. Wengine wanangoja makala yafunikwe na majivu meupe, wakisema sumu imekwisha. Haijaisha, maadamu kuna wekundu chini ya majivu, hewa ile inatoka, tena makala yanayozimika polepole kwa kukosa hewa yanaitoa kwa wingi. Na wako wanaoacha mlango wazi kidogo, kiasi cha kidole kimoja. Heri mlango wazi kuliko mlango uliofungwa, sikatai, lakini usiku wa manane baridi inapozidi mtu ataamka nusu usingizi na kuusukuma.

Kwa hiyo shauri letu ni moja na halina mapunguzo: mbabula ya makala isilale katika chumba wanamolala watu.

Kuchagua jiko

Mafiga matatu yanajulikana na kila mtu. Hayana gharama, lakini yanakula kuni nyingi na moshi wote unabaki nyumbani. Mbabula ya bati au ya chuma tupu ni nyepesi, na fundi anaitengeneza siku moja. Lakini joto jingi linatoka ubavuni bila kufika katika sufuria, na mtoto akiigusa ubavu anaungua. Wodi ya watoto inajua habari hiyo.

Kuna jiko lenye udongo wa kuchomwa ndani ya chuma. Mafundi wa Kenya walilitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakichukua mfano kutoka kwa majiko ya Thailand. Nje ni chuma, ndani ni chungu kilichotobolewa matundu chini, na udongo unashika joto lisipotee. Linapunguza makala kwa karibu theluthi moja, na mara nyingine zaidi, kadiri ya mpikaji. Limeenea katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki. Huko Goma nako, katika Kivu ya Kaskazini, mafundi wanatengeneza majiko ya namna hii ili kupunguza ukataji wa miti ya Virunga. Ukipata jiko kama hilo, linunue. Angalia chungu cha ndani kisiwe na ufa, na kishikwe imara na chuma, kisichezecheze.

Lakini sikieni vizuri, maana hapa wengi wanakosea njia. Jiko linalopunguza makala halikuondolei sumu. Linaokoa franga zako. Makala yaliyomo ni yaleyale, na hewa yake ni ileile. Nimesikia wauzaji wakisema jiko lao ni salama hata chumbani kwa kuwa ni la kisasa. Waulizeni: bomba lake la kutolea hewa liko wapi?

Neno la chuma chenyewe pia lina maana katika nchi yetu ya migodi. Mapipa ya zamani ni mengi, na mafundi wanayapenda kwa sababu chuma chake ni kinene. Usinunue mbabula iliyokatwa katika pipa lililokuwa na asidi au dawa za kiwanda. Wala usitumie bati jipya la paa lililopakwa zinki, maana likipata moto mkali zinki inatoa moshi unaoleta homa na maumivu ya kifua.

Kama unapika ndani kwa sababu ya mvua au ya wezi, jiko la kuni lenye bomba linalotoka nje ni bora kuliko makala yasiyo na bomba. Gesi na umeme ni safi kuliko hayo yote, kwa yule anayeweza kulipa na ambaye umeme unamfikia. Na mwenye uwezo wa kujenga kibanda cha kupikia mbali na chumba cha kulala, chenye ukuta usiofika paa, huyo amepata dawa kubwa kwa matofali machache. Jiko liinuliwe juu ya meza ya matofali, lisiwekwe chini. Mama hatainama siku nzima, na mtoto anayetambaa hatalifikia.

Meko ya ukutani

Katika miji ya Katanga ziko nyumba za zamani zenye meko ya ukutani: shimo la matofali katika ukuta wa sebule, na juu yake dohani inayopanda mpaka juu ya paa. Leo wanakaa humo watu wengine, na mara nyingi shimo lile limekuwa kabati ya viatu. Baridi ikija mtu anasema: Kumbe tunapo mahali pa moto! Anaweka mbabula shimoni, anafurahi. Kabla hajafurahi, na aitazame dohani.

Apande juu, au ampandishe fundi. Je, juu hapakuzibwa na bati wakati wa kutengeneza paa? Ndege hawakujenga? Nyuki hawamo? Kisha mchana aingize kichwa chini na kutazama juu. Ikiwa dohani imenyooka ataona mwanga. Atazame pia matofali katika vyumba ambamo dohani inapita, hata darini, maana ufa mdogo unatosha kupitisha hewa katika chumba ambacho hakina moto kabisa. Mwisho awashe karatasi katika shimo na kutazama moshi. Ukipanda moja kwa moja, dohani inavuta. Ukirudi chumbani, haivuti, na moto usiwashwe hapo mpaka sababu imeonekana.

Hata dohani inayovuta vizuri haifai kwa makala ya usiku. Dohani inavuta kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi na inapanda. Jioni moto ni mkali, dohani ina joto, kila kitu kinapanda. Usiku wa manane makala yamepungua, matofali yamepoa, hewa baridi na nzito inakaa katika dohani kama kizibo. Lakini makala bado ni mekundu, na sumu yake, ikikosa njia ya juu, inageuka kuja chumbani. Hivyo wakati wa hatari si ule ambao moto unaonekana mkubwa. Na kama dohani ina mlango wa chuma wa kuifunga, usifungwe hata kidogo mpaka majivu yamekuwa baridi kiasi cha kushikwa kwa mkono.

Anayetaka kutumia meko ya ukutani kwa kweli, afanye kama wafanyavyo watu wa nchi za baridi. Moto wa wazi katika shimo unapeleka sehemu kubwa ya joto lake juu angani, hata unavuta na hewa iliyopashwa chumbani. Kwa hiyo wao wanaingiza katika shimo sanduku la chuma lenye mlango wa kioo au wa chuma. Kuni zinawaka ndani ya sanduku, hewa inaingia kwa tundu dogo linalopimwa, na chuma kinapasha chumba. Fundi mzuri wa chuma wa Likasi anaweza kutengeneza sanduku kama hilo, nimeiona kazi yao. Lakini aelezwe mambo haya. Chuma kiwe kinene. Bomba la sanduku lisiishie chini ya dohani. Lipande ndani yake mpaka juu kabisa, kipande kwa kipande, bila nafasi katika maungio, na lisiwe jembamba kuliko tundu la jiko. Juu lipite kilele cha paa kwa sentimita 60 hivi, na liwe na kofia ya kuzuia mvua. Mahali ambapo bomba la chuma linapita wazi, mbao na dari zikae mbali nalo kwa sentimita 45. Na chini ukutani liwepo tundu linaloleta hewa kutoka nje, maana moto katika nyumba iliyozibwa kila mahali utaivuta hewa kwa kupitia dohani yenyewe, na kuurudisha moshi ndani. Nyumba ya nyasi isitiwe bomba la chuma bila fundi anayeijua kazi hiyo. Cheche moja inatosha.

Kuni ziwe zimekauka miezi mingi chini ya paa. Kuni mbichi zinapaka masizi ndani ya bomba, na masizi yakiwa mengi yanashika moto yenyewe. Bomba lisafishwe kila mwaka katika mwezi wa nne au wa tano, kabla ya baridi.

Majiko ya peleti

Ndugu zetu walio Ulaya na Amerika wanatuma picha za jiko jingine, linalotiwa katika meko ya ukutani na kuwaka bila kuni wala makala. Linakula vijiti vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa kwa nguvu, vyenye unene wa milimita 6 hivi. Vinaitwa peleti. Huko peleti zinajazwa katika sanduku juu ya jiko, parafujo inayozungushwa na umeme inaziangusha kidogo kidogo katika moto, na feni inausukuma moshi katika bomba na joto chumbani. Moto wake ni safi kuliko wa kuni, kwa kuwa peleti ni kavu na hewa imepimwa.

Je, jiko hilo linatufaa? Kwa hesabu yangu, kwa sasa halitufai. Umeme ukikatika parafujo inasimama na feni inanyamaza. Sisi tunaishi karibu na mto Lufira, ambako mtambo wa Mwadingusha umekuwa ukitoa umeme tangu mwaka 1930, na nyaya nene zinapita juu ya vichwa vyetu. Lakini kila mama anajua mara ngapi taa inazimika wakati wa kupika. Neno la pili ni peleti zenyewe. Unga wa mbao unapatikana penye misumeno, lakini unga tupu si peleti. Ni lazima ukaushwe na kushindiliwa kwa mashine.

Jirani zetu wa Rwanda walijaribu. Kampuni iitwayo Inyenyeri ilitengeneza peleti za miti huko Gisenyi, ng'ambo ya Goma, ikawapa watu majiko madogo ya kupikia yenye feni, ili wao wanunue peleti kila mwezi. Moshi ulipungua kweli. Lakini fedha za kampuni hazikutosha, na katika mwaka 2020 kazi ikasimama. Anayefikiri kununua jiko la peleti aulize kwanza ni nani atakayemwuzia peleti mwaka ujao.

Na kwa yule anayesoma makaratasi haya akiwa ng'ambo: peleti zikiwekwa nyingi katika chumba kilichofungwa zinatoa monoksidi ya kaboni hata bila kuwashwa. Watu wamekufa kwa kuingia katika ghala za peleti na katika matumbo ya meli zilizozibeba. Ghala lifunguliwe na kuachwa lipate hewa kabla ya mtu kuingia. Huko pia inauzwa kengele ndogo ya betri inayolia hewa hii ikizidi. Mwenye ndugu anayekuja likizo amwombe moja badala ya saa ya mkononi.

Joto la usiku bila moto

Mtu atauliza: Basi tufe kwa baridi? Hapana. Pasheni chumba jioni kama mnataka, milango na madirisha yakiwa wazi, kisha mbabula itoke nje kabla ya mtu wa kwanza kulala, wala isirudi. Tofali moja au mawili yakipashwa moto uani, yakafungwa katika nguo nene, yanashika joto saa nyingi miguuni. Chupa ya maji ya moto, iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa, inafanya hivyo pia. Isiguse ngozi ya mtoto. Baridi nyingi inatoka chini: weka makaratasi au magunia makavu chini ya mkeka au godoro. Watoto walale pamoja, wavae kofia na soksi.

Mtoto mchanga ndiye anayewafanya wakina bibi waagize mbabula chumbani, na nia yao ni njema. Lakini joto bora kwake liko tayari. Awekwe bila nguo, isipokuwa kofia na nepi, kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kisha wote wawili wafunikwe kwa blanketi. Mwili wa mama unampasha kwa kiasi kinachomfaa, naye ananyonya wakati wowote. Mama akichoka, baba anaweza kumpokea. Wazee wengine wanacheka wakiona baba amefungwa mtoto kifuani, wacheke tu.

Ukiwakuta watu wameanguka

Ukigonga asubuhi na watu wa ndani hawaitiki, na unajua walilala na mbabula, usikimbilie ndani ukakaa. Fungua mlango wazi kabisa, vunja dirisha ikiwa lazima, vuta pumzi nje, uingie, umvute mtu wa kwanza mpaka nje, urudi kwa mwingine. Waite majirani. Mbabula itolewe, usiimwagie maji chumbani, maana mvuke na majivu ya moto vitakuunguza.

Anayepumua alazwe kwa ubavu, akifunikwa asipate baridi. Asiyepumua apulizwe hewa kinywani, na kifua chake kisukumwe ikiwa moyo umesimama, huku gari au pikipiki inatafutwa. Msimpe maziwa wala mafuta ya mawese. Sumu hii iko katika damu, haiko tumboni, na mtu aliyelegea akinyweshwa, kinywaji kinaingia katika mapafu.

Hospitali dawa yake ni oksijeni, ileile ya kawaida, kwa kifuniko cha usoni kinachobana vizuri. Mtu akivuta hewa ya kawaida inachukua karibu saa 5 mpaka nusu ya sumu itoke katika damu. Akivuta oksijeni kwa kifuniko inachukua karibu saa moja na nusu. Ndiyo maana tunawahimiza kuja upesi, wala msingoje jua lipande. Kuna chombo kidogo kinachobana kidole na kuonyesha oksijeni ya damu. Katika ugonjwa huu kinaweza kuonyesha hesabu nzuri na mgonjwa yuko hatarini, kwa kuwa hakiwezi kutofautisha oksijeni na sumu katika yale mabehewa. Msiondoke kwa sababu ya hesabu ile. Mgonjwa akikaa salama siku kadhaa, kisha akaanza kusahau, kutembea vibaya au kubadilika tabia, arudishwe, hata ikiwa zimepita wiki 2 au 3.

Na mama mwenye mimba aliyelala katika chumba kile aletwe pamoja na wengine, hata akisema kichwa kimekwisha kupona na kwamba ana nguo za kufua.